Breki ya mbele inapiga mluzi

SUALI: Assalaamu alaykum. Pikipiki yangu ya zamani ina breki ya diski mbele. Kila nikikaribia kusimama inapiga mluzi. Nimetia pedi mpya, ikanyamaza wiki moja, kelele ikarudi. Nimeshauriwa niipake diski oili kidogo. Nifanyeje?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Ndugu yetu, oili usiipake kabisa! Pedi hunywa oili, na ikishalowa breki haishiki. Kama umeshapaka, pedi hizo zitupe. Hata msasa hautaziokoa.

Mkwaruzo wa chuma kwa chuma maana yake pedi zimekwisha, pikipiki isitoke. Mlio wa kugonga penye mashimo hutokana na bolti iliyolegea ya kalipa (kile kifaa kinachozishika pedi na kuzibana kwenye diski) ama springi ya pedi iliyopotea. Mluzi ni mtetemo wa pedi isiyokaa sawa, na kwa kuwa zako ni mpya, tunazishuku pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Kwa hewa yetu ya chumvi, pini hushika kutu, kalipa haitelezi, pedi ya upande wa pistoni (kile kipande kinachosukumwa na maji ya breki) ikafanya kazi peke yake. Zitoe pedi zote mbili uzilinganishe: hiyo ikiwa imelika zaidi ya mwenzake, umeshapata jibu.

Toa pini, sugua kutu kwa msasa laini. Iliyoliwa vishimo badilisha, pamoja na mpira uliopasuka. Paka grisi ya silikoni ya breki, kiasi cha punje ya kunde kila pini. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira, na pini ikakwama upya. Pistoni ifute kwa kitambaa chenye maji ya breki kabla ya kuirudisha ndani, kwani uchafu huharibu sili, yaani mpira unaozuia maji yasivuje. Legeza kifuniko cha kopo la maji ya breki, uyaangalie yasifurike. Yakidondokea rangi, suuza kwa maji papo hapo.

Pedi zinazong'aa kama kioo zisugue kwa msasa namba 120 uliolazwa juu ya kitu bapa. Vumbi lake usilipulize, lifute kwa kitambaa kibichi. Diski ifute kwa spiriti, kisha pima unene: kima cha chini kimegongwa juu yake.

Ukishafunga, bana mkono wa breki mara kadhaa mpaka uwe mgumu, ndipo upande. Kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 10 kwa saa, mara 20, ukiiacha ipoe kila baada ya mara chache. Mkono ukitetemeka unapobana, diski imepinda. Mpe fundi aipime.