Kampuni inayoishi kwa tenda za serikali: wauzie wafanyakazi ungali mzima

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya ujenzi hapa Chake Chake. Kazi zetu karibu zote ni za serikali: skuli, vituo vya afya, nyumba za madaktari. Mwenye kampuni, ambaye sote twamwita Ami, alituuzia hisa zake sisi wafanyakazi ilhali ana nguvu zake, na wenye kampuni kama yake nawashauri wafanye hivyo.

Mtu akifa, hisa zake ni mirathi. Mke ana thumuni yake palipo na watoto, wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, na kila mmoja ana haki ya kudai chake. Sina ugomvi na hilo. Lakini wagawane nini? Mashine ya zege moja na kenta. Kinachoshinda zabuni ni vyeti vya mhandisi, uzoefu wa msimamizi wa saiti na barua za kazi zilizokamilika. Watu hao wakihamia kwengine, warithi watabaki na muhuri.

Kuandika wasia hakutoshi, maana wasia haupiti theluthi. Na kuuza ukiwa umeshalala kwa maradhi ya mauti kutazua maneno mbele ya kadhi. Uza mapema, bei ipigwe na mtu wa nje, na wanao wawepo. Ami aliwaita wote, wa Muscat akasikiliza kwa simu. Bintiye ndiye aliyeuliza la maana: "Kwa mishahara hii, pesa mtatoa wapi?"

Marekani, ambako jambo hili lina sheria yake tangu 1974, mfuko wa wafanyakazi huweza kukopa ukanunua hisa, na kampuni ikalipa deni kwa faida yake. Mfanyakazi hatoi chake mfukoni. Sisi tulichukua hilo la faida, mkopo wa riba tukauacha. Bei ni moja, inalipwa kidogo kidogo.

Hapo kwenye kulipa ndipo pa kuangalia sana. Serikali hulipa, ila kwa wakati wake. Hati ya malipo, ile ya kukubali kazi iliyofanyika, inaweza kusainiwa Machi, pesa ikaingia baada ya bajeti mpya ya Julai. Mkiandikiana kumlipa muuzaji kila mwisho wa mwezi, mtakosana kabla ya Ramadhani. Mkataba wetu umefuata pesa inayoingia: hati ikilipwa, kwanza mishahara, wauza saruji na kodi, kisha fungu la Ami. Ile asilimia ya malipo ambayo mwenye kazi, yaani serikali, huizuia mpaka muda wa kuangalia kasoro uishe, hatuihesabu mpaka tuione benki.

Jengine ni dhamana. Kama hati ya nyumba yako ndiyo iliyowekwa benki kwa ajili ya kampuni, usijiuzulu ukurugenzi kabla haijarudi mkononi mwako. Na isomeni mikataba inayoendelea. Mengine hutaka mwenye kazi aarifiwe umiliki unapobadilika.

Ila kama kampuni ni wewe na vibarua wa msimu, usijisumbue na haya. Maliza kazi ulizonazo, lipa madeni, ufunge.