Pete ya marehemu mama ifungwe kwenye mtumbwi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi naanika dagaa hapa Igombe, Mwanza. Mama yetu alifariki mwaka jana, akaniachia pete yake ya ndoa aliyovishwa kanisani kwao Ukerewe. Hakuivua hata alipokuwa mjane. Kila usiku aliizungusha kidoleni huku akisali rozari, mpaka imelika, imebaki nyembamba. Sasa kaka yangu anaitaka aifunge kwenye mtumbwi wake. Anasema siku zote mama alipokuwa hai, ziwa halikumgusa yeye akivua. Je, nimpe? Na mimi ambaye sijaolewa, nakosea kuivaa?

JIBU: Milele amina, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na la pili maana ni jepesi. Hukosei. Ndoa ya wazazi wako ilidumu mpaka kifo kilipowatenganisha, na pete yao haikufungi wewe kwa mtu yeyote. Ivae. Ila kidole cha ndoa kiache wazi, wachumba wasije wakapita mbali bure.

La kaka ndilo zito. Siku ile Ukerewe, baba yenu alipomvisha mama pete, alitamka kwamba ni ishara ya mapendo na uaminifu wake. Ishara, basi. Padre alipoibariki hakuipandikizia nguvu ndani ya dhahabu. Kanisa lilikuwa linawaombea wale wawili watakaozivaa. Ndiyo maana Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1670, inasema visakramenti, yaani baraka na vitu vilivyobarikiwa kama pete hiyo, havitoi neema kwa namna sakramenti zinavyotoa, bali kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea. Na namba 2117 inakataza hirizi waziwazi. Watu wengi hudhani hirizi ni ile ya mganga tu. Hapana. Hata kitu kilichobarikiwa mtu anaweza kukigeuza hirizi, akikitegemea chenyewe na kumsahau Mungu.

Kaka yako ni mvuvi, basi msimulie pete ya mvuvi mwenzake. Papa huvaa pete iitwayo Pete ya Mvuvi, kwa heshima ya Petro aliyekuwa akitupa nyavu katika ziwa la Galilaya. Zamani ilitumika kupigia mhuri barua zake. Papa akifariki, haifungwi popote wala hairithiwi na anayemfuata: huharibiwa mbele ya makardinali, mtu asije akaitumia kughushi nyaraka kwa jina la marehemu. Kama Kanisa lingeamini kuna ulinzi ndani ya pete, hiyo ndiyo lingeitunza kuliko zote! Na Petro mwenyewe, dhoruba ilipompata, hakuwa na pete. Alikuwa na Yesu amelala ndani ya chombo, yeye na wenzake wakamwamsha.

Sisemi kwamba pete ya mama ni chuma tu. Mwezi Machi 1966, huko Roma, Papa Paulo wa Sita alivua pete yake akampa Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana, na mzee yule alilia. Hakulilia dhahabu, alimlilia aliyempa. Yule mwana mpotevu naye alivishwa pete angali ananuka nguruwe, akajua hapo hapo kwamba bado anaitwa mwana. Yenu inawaambia mlikuwa na mama aliyetimiza alichoahidi na aliyewaombea usiku mtu mwingine amelala. Ziwa halikumgusa kaka yako, anasema. Huenda ni kwa sala za mama. Basi azishike hizo sala, maana katika ushirika wa watakatifu hazijakatika. Naye mama anahitaji zenu.

Kwa hiyo usimpe aifunge. Ikikaa miezi miwili kwenye kamba ya nailoni itaanguka majini, naye ataingiwa na hofu kwamba balaa limekuja.

Mtumbwi una baraka yake. Kitabu cha Baraka cha mwaka 1984 kina ibada za kubariki vyombo vya usafiri na zana za kazi. Aongee na paroko, wapange siku za mbalamwezi ambapo wavuvi wa dagaa wamepumzika na wenzake wote wapo mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Siku hiyo padre akague na jaketi okozi kama zinatosha watu wote. Mimi huwa nauliza, na huwa hazitoshi.

Pete kaa nayo wewe. Kaka akija nyumbani jioni kabla hajaingia ziwani, mpe aishike, msali pamoja tendo moja la rozari kwa ajili ya mama. Kisha akurudishie, aende kazini.