Kugeuza mwendo wa mkono kuwa sauti: nilivyomtengenezea mama

Mkuu, umeuliza kama Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu mwenyewe, inaweza kugeuza mwendo wa mkono kuwa sauti, kwa ajili ya mradi wa kijana wako shuleni, na kama jambo hilo lina faida yoyote nje ya maonyesho. Inawezekana, na faida yake nimeiona nyumbani.

Mama yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa zoezi la kuunyanyua ukiwa umenyooka mpaka usawa wa bega. Kwa macho huoni tofauti ya jana na leo, basi mama akaanza kukata tamaa. Mimi ni fundi redio, Mwanjelwa hapa Mbeya. Nikachukua sensa ya MPU-6050, ambayo kwa kupima mvuto wa dunia hujua imeinama kiasi gani, nikamfunga nayo juu kidogo ya kiwiko kwa lastiki, nikaiunganisha na Arduino, rezista na spika ya redio mbovu. Vile vispika vidogo vya kengele achana navyo, mlio wake unachoma masikio.

Mwanzoni nilipanga mkono ukiwa chini itoke hezi 220 (mitetemo 220 kwa sekunde; ikiongezeka, mlio unapanda), begani 880, na katikati nikagawa sawasawa. Hapo nilikosea. Sikio halihesabu kwa kujumlisha, linahesabu kwa kuzidisha: kutoka 220 hadi 440 linasikia hatua ileile ya 440 hadi 880. Matokeo yake sauti ilipanda haraka mkono ukiwa chini, ambako hakuna kazi, na kule juu, anakotoka jasho kwa kila nyuzi moja ya pembe, ikawa kama imesimama. Nikabadilisha, kila nyuzi 15 nazidisha kwa 1.26: 220, 277, 349, 440, 554, 698, 880. Sasa kila ngazi inasikika sawa na mwenzake.

Lililonisumbua zaidi ni kuchelewa. Ili mlio usitetemeke nilichukua wastani wa vipimo 20, kila kimoja kwa milisekunde 50. Hiyo ni sekunde nzima! Mama anasimamisha mkono, mlio bado unapanda. Akaniambia, "Mwanangu, huu unaolia si mkono wangu." Nikashusha hadi vipimo 4 vya milisekunde 10. Ukatetemeka kidogo, lakini ukawa wake. Kijana wako akilazimika kuchagua kati ya sauti laini na sauti inayojibu papo hapo, achague inayojibu.

Mashine ya hospitali inayoshusha mlio oksijeni ya damu inaposhuka, au kipima mionzi cha Geiger kinachotatarika, hivyo vinakupa habari tu. Hapa mtu anacheza na sauti yenyewe: anasikia, anarekebisha mkono, anasikia tena. Ni jambo la zamani pia, maana yule Mrusi Leon Theremin alibuni ala ya kupigwa bila kuguswa tangu miaka ya 1920.

Mama sasa anafanya zoezi amefumba macho. Juzi alifika 440, nusu ya njia, akaushikilia mlio pale bila kuyumba, mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai siwezi hata kukinywa.

Akikwama kwenye programu, bandika hapa alipofikia, nitaipitia usiku nikifunga duka.