Siri ya mteja: kwa wanasihi (watoa ushauri nasaha) wanaoanza kazi Mbeya na Iringa

Kabla mteja hajaanza kueleza shida yake, mweleze mipaka ya siri. Dakika tano zinatosha: utayatunza atakayosema, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini, akikusudia kumdhuru mtu, au ukisikia mtoto anaumizwa. Hilo la mtoto halina hiari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Ukiahidi "sitamwambia mtu yeyote", kesho yake ukalazimika kumpigia afisa ustawi wa jamii, mteja huyo harudi, na majirani zake hawatakuja.

Kagua chumba. Vyumba vingi havina dari, na mvua ya Tukuyu ikishika bati mnapandisha sauti bila kujua. Walioko kwenye benchi la nje wanasikia kila kitu. Mketishe mwenzako pale nje, wewe soma gazeti ndani kwa sauti ya mazungumzo. Akiweza kurudia sentensi moja, sogeza benchi au hama chumba. Mvua ikizidi, nyamazeni mpaka ipungue.

Simu nayo ina mambo. Siku ya kwanza uliza: nani hupokea simu yako, na nijitambulisheje akipokea yeye? Ujumbe usitaje ushauri wala kliniki. Kwenye kundi la WhatsApp la kazini, kuficha jina hakusaidii: "mama wa duka la mbolea pale Uyole" anajulikana na nusu ya kundi.

Mafunzo mengi yanasema usimsalimie mteja njiani mpaka akuanze. Huku kwetu kumpita mtu mzima kimya ni dharau, na watu watajiuliza mmegombania nini. Basi mkubaliane mapema: ukikutana naye Mwanjelwa sokoni, ni salamu ya kawaida tu, bila "lile jambo limefikia wapi?" Mkiwa kwaya moja au jumuiya moja, mpeleke kwa mnasihi mwingine mapema, kabla hajafunguka. Akishafunguka, ukimhamisha anakuona umemkataa.

Bibi anayezungumza Kinyakyusa au Kihehe tu asitafsiriwe na mjukuu wake; huenda shida yenyewe ni baba wa mjukuu huyo. Tafuta mtu mzima wa kata nyingine, mpe masharti ya siri, yeye na bibi wote wawili wakisikia, akae pembeni, na wewe umtazame bibi, si mkalimani.

Zawadi zina utata zaidi. Fedha kataa, hata ya soda. Mkungu wa ndizi ukiurudisha utamwaibisha mzee wa watu, kwa hiyo upokee mbele ya wenzako, uandikwe daftarini, uliwe na ofisi nzima. Akileta tena, mwambie kwa upole kwamba huduma haihitaji shukrani ya mkononi, maana walioko kwenye foleni wanamwona, na asiye na ndizi ataona haya kuja mikono mitupu.