Mwalimu Anajibu: Mwanangu ni raia wa Marekani, karo nitaitoa wapi?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Manyatta, Kisumu. Mwanangu alizaliwa Minnesota nilipokuwa huko kwa masomo ambayo sikuyamaliza. Tulirudi nyumbani akiwa na miaka mitatu, na babake hatujui aliko. Mimi nauza nguo za watoto za mitumba sokoni Kibuye. Kijana alifanya KCSE 2025 akapata A-, na hamu yake ni kusomea uhandisi huko alikozaliwa. Wakala mmoja anataka shilingi 80,000 amtafutie chuo, kisha nionyeshe akaunti yenye karo ya mwaka mzima. Pasi yake ya Marekani imeisha muda. Kakangu yuko Minneapolis, anaweza kumkaribisha, lakini naye ana watoto wake. Mtu kama mimi ataweza kweli, ama nimwambie aende Maseno? – Mama wa Manyatta

JIBU: Mama, hizo elfu themanini usimpe mtu. Wakala huyo anakuuzia njia ya mtoto mgeni, na mwanao si mgeni Marekani. Akaunti iliyojaa hutakiwa kwa kijana anayeomba viza ya masomo: chuo hukagua pesa zake kwanza ndipo kimwandikie fomu ya I-20 ya kupeleka ubalozini. Raia haombi viza ya kuingia kwao. Akijiandikisha kama mgeni atakuwa amejifungia misaada ambayo serikali ya Marekani haiwapi wanafunzi wa kigeni.

Pasi kuisha muda hakumwondolei uraia. Ile inayotolewa kabla mtoto hajafika miaka 16 hudumu miaka 5 tu. Apange miadi na ubalozi wa Marekani pale Gigiri, Nairobi, aende na cheti chake cha kuzaliwa cha Minnesota na ile pasi ya zamani. Kama kadi ya Social Security, yenye nambari yake ya utambulisho ya Marekani, imepotea, aulizie na hiyo, maana bila zile tarakimu 9 fomu ya msaada haisongi. Wala asihofu kwamba anaikana Kenya. Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa raia wa nchi zote mbili.

Sasa tuje kwenye pesa. Bei inayoandikwa kwenye tovuti ya chuo hulipwa na wenye nazo. Mtoto wa mama wa Kibuye hupigiwa hesabu yake peke yake, na hesabu hiyo huanza na fomu iitwayo FAFSA. Hujazwa bure kwenye studentaid.gov, na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata. Kuishi Kisumu hakumzuii raia kuijaza. Wewe pia utafungua akaunti yako kama mzazi, hata usipokuwa na nambari ya Social Security. Babake, kwa kuwa hamuishi pamoja na hatoi chochote, haingii katika FAFSA.

Fomu hiyo ndiyo mlango wa Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, na hairudishwi. Kiwango cha juu kwa mwaka 2025–26 kilikuwa dola 7,395, karibu shilingi 950,000. Kuna pia mkopo wa serikali, usiozidi dola 5,500 kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi, na kazi za chuoni za kumpa pesa za matumizi. Lakini ruzuku hiyo ni ya vyuo vya Marekani. Haiwezi kulipia chuo cha hapa kwetu.

Najua utakapokwama, kwa sababu nimekaa na wazazi wengi wa soko mbele ya skrini ile ile. Ni pale panapoulizwa mapato. Mama huandika mauzo, na mauzo yanamfanya aonekane tajiri. Chukua daftari lako. Tuseme Jumapili moja, siku Kibuye ilipofurika, umeuza nguo za shilingi 6,000. Toa 4,200 za sehemu ya beli uliyofungua, 200 za mkokoteni, 50 za ushuru wa kaunti na 50 za stoo ya usiku. Zimebaki 1,500, na hayo ndiyo mapato yako ya siku hiyo. Fanya hivyo mwezi kwa mwezi, pamoja na ile miezi ya Januari ambapo hakuna anayenunua, ujumlishe mwaka mzima, kisha ugeuze kuwa dola kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku unayojaza. Fomu ya mwaka wa 2027–28 huuliza mapato ya 2025, kwa hiyo daftari la 2025 usilitupe. Chuo kinaweza kukuandikia kikitaka uthibitisho: daftari, taarifa ya M-Pesa, ripoti uliyowasilisha KRA. Kama KRA uliandika sufuri ilhali biashara ilikuwepo, nenda uirekebishe kwanza. Karatasi mbili zenye hesabu mbili ndizo huwakwamisha watu, hata walio wakweli kabisa.

Ukiangalia vizuri utaona Pell Grant pekee haitoshi. Hapo ndipo uchaguzi wa chuo unapokuwa na uzito, na hapo ndipo nawaona wazazi wakikimbilia upande usiofaa. Wanadhani chuo cha umma ndicho rahisi. Chuo cha umma Marekani ni rahisi kwa wakazi wa jimbo lake. Anayetoka nje ya jimbo mara nyingi hutozwa karo mara mbili hata tatu, na mwanao anayeishi Kisumu kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa nje hata kama cheti chake cha kuzaliwa ni cha hapo hapo. Wakati huo huo, kuna vyuo vya binafsi vyenye bei ya kutisha vinavyoahidi kuziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. MIT, chuo maarufu cha teknolojia cha Massachusetts, kuanzia mwaka wa masomo wa 2025, haitarajii mzazi atoe chochote ikiwa mapato ya familia hayafiki dola 100,000 kwa mwaka na mali yake ni ya kawaida. Swarthmore, chuo kidogo cha Pennsylvania kinachofundisha uhandisi pia, hakiangalii mfuko wa raia kinapoamua nani aingie, na msaada wake hautii mkopo ndani. Kijana wa Kenya asiye raia, mwenye A- ile ile na umaskini ule ule, huangaliwa mfuko akiomba hapo. Pasi ya mwanao inamwondolea kikwazo hicho.

Kuingia ni kugumu, sitakuficha. Aombe vyuo kadhaa vya aina hiyo, vikiwemo visivyo na majina makubwa, na kabla ya kuomba aulize kila ofisi ya misaada ya kifedha swali moja kwa barua pepe: je, mnamhesabu raia anayeishi nje sawa na anayeishi nyumbani, na mnaziba pengo lote? Ada ya maombi asilipe. Kwenye Common App, tovuti ya kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, kuna sehemu ya kuomba isamehewe kwa sababu ya kipato. Vyuo vingi vya binafsi huongeza fomu nyingine iitwayo CSS Profile, na hiyo, tofauti na FAFSA, mara nyingi humtaka baba pia. Usiache nafasi wazi wala usibuni. Omba chuo kimsamehe baba, uambatanishe barua ya mtu anayeijua familia na asiye ndugu, kama mwalimu mkuu au mchungaji, ikisema wazi ni tangu lini baba hajaonekana.

Kakako ni njia ya pili, na nzuri kuliko unavyofikiri. Mwanao ana haki ya kufanya kazi Marekani tangu siku anayoshuka kwenye ndege. Minnesota humkubali kama mkazi, kwa ajili ya misaada ya jimbo, mtu aliyeishi huko miezi 12 mfululizo kwa sababu zisizo za masomo ya chuo. Akikaa kwa mjomba mwaka mmoja akifanya kazi na kuchangia chakula, anaweza kisha kuomba vyuo vya umma vya miaka miwili au minne kama mkazi. Tangu 2024 jimbo hilo lina mpango wa North Star Promise, unaoziba karo iliyobaki ya vyuo vya umma kwa wakazi ambao mapato ya familia zao hayafiki dola 80,000. Mwaka huo aweke hati zake: risiti za mshahara, kitambulisho cha jimbo, ripoti ya kodi. Asijiandikishe chuoni kabla haujatimia, maana anaweza kuharibu hesabu. Na wewe na kakako mkubaliane mapema, kwa simu, ni nani atanunua makoti ya baridi na nani atalipa bima ya afya. Ndugu hukosana kwa vitu vidogo kama hivyo.

Kuhusu Maseno: ni chuo kizuri, na kama Mkenya anaweza pia kuomba mkopo wa HELB. Ila akianza masomo ya shahada hapo, vyuo vingi vya Marekani vitamhesabu kama mwanafunzi anayehama, na misaada ya wanaohama huwa finyu. Kwa hivyo aamue kabla hajaripoti. Akichagua Marekani, aombe kuanzia Oktoba 2026 hadi mwanzoni mwa Januari, aanze Agosti au Septemba 2027.

SWALI: Mjukuu wangu alizaliwa Texas na nimemlea hapa Bahati, Nakuru, tangu akiwa mchanga. Wazazi wake wako hai lakini hawapigi simu wala hawatumi kitu. Naweza kutia sahihi kama mzazi wake kwenye hiyo FAFSA? – Nyanya wa Bahati

JIBU: Shikamoo nyanya. Hapana, usitie. Kwa fomu hiyo mzazi ni aliyemzaa mtoto au aliyemwasili kisheria mahakamani. Kumlea peke yake, hata kwa miaka 17, hakukufanyi mzazi. Mapato yako hayaulizwi. Msichana mwenyewe ataweka alama kwamba ana hali isiyo ya kawaida inayomzuia kuwafikia wazazi. Atahesabiwa kwa muda kama anayejitegemea, kisha ofisi ya msaada ya kila chuo iamue kwa ushahidi. Wazazi kukataa tu kulipa hakutoshi: wakipatikana lakini wakakataa kujaza sehemu yao, atakachoweza kupata ni mkopo usiopunguziwa riba. Kwa hiyo onyesha kwamba hawapatikani. Nenda kwa chifu akuandikie barua yenye muhuri na tarehe, uchukue ya pili kwa mwalimu mkuu ikitaja ni nani amekuwa akilipa karo na kuhudhuria mikutano ya wazazi, na ya tatu kanisani au msikitini. Ziandikwe kwa Kiingereza, nakala zikae kwako.