Maji mekundu ya Santorini: ni uchafu au ni volkano?

SWALI: Salaam, mtaalamu. Naishi Hamburg, Ujerumani, na Septemba hii mimi na mke wangu tunakwenda kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Tumeona safari ya mashua inayosimama kwenye "chemchemi za maji moto" ndani ya volkano. Shemeji yangu aliyewahi kwenda anatukatisha tamaa. Anasema maji yalikuwa vuguvugu tu, mekundu kama chai, na vazi lake jeupe la kuogelea limeingia madoa ambayo hata jiki imeshindwa kuyatoa. Je, yale si majitaka ya meli? Na mbona chemchemi ya volkano haichemki? Mke wangu haogelei vizuri.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Shemeji hakusema uongo, ila majitaka hayahusiki. Ile ni kutu.

Mashua zinakupeleka kwenye kighuba kidogo cha Agios Nikolaos, chenye kanisa dogo jeupe ukingoni, katika kisiwa cha Palea Kameni. Kisiwa hicho ni lava tupu iliyoibuka baharini mwaka 46 au 47 BK, katikati ya shimo kubwa lililoachwa na mlipuko wa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Chini yake miamba bado ina joto. Maji yanayopenya kwenye nyufa hupashwa moto, huchukua gesi ya kaboni dayoksaidi na kuwa na tindikali kidogo, kisha huyeyusha chuma kilichomo kwenye miamba. Huko chini hakuna oksijeni, kwa hiyo chuma hicho hakionekani. Maji yakitoka na kukutana na bahari yenye oksijeni, chuma hugeuka chembe laini za rangi ya chungwa. Nyingine huelea, nyingine hutuama na kuwa tope. Tope hilo ndilo watu wanajipaka usoni wakipigwa picha. Sisi wanajiolojia tunakipenda kighuba hicho kwa sababu nyingine: kinaonyesha jinsi matabaka ya chuma yanavyoweza kujijenga chini ya maji.

Kuhusu joto, chemchemi hazitoki nchi kavu bali chini ya bahari, na bahari inayapoza maji yale papo hapo. Kwa kawaida utakuta nyuzi 30 hadi 35 hivi za Selsiasi. Aliyewahi kuona maji ya ziwa Bogoria, Kenya, yakitokota na kuruka juu atacheka. Hata mtu wa Tanga, mwenye chemchemi za kiberiti za Galanos karibu na mapango ya Amboni (zilizopewa jina la mkulima wa mkonge Mgiriki, tena!), hana haja ya kusafiri kwa ajili ya joto lile. Kama mnataka maji moto kwelikweli, kisiwa cha Evia kina mji wa Edipsos, ambako maji hutoka yakiwa zaidi ya nyuzi 70 na kumwagika baharini. Santorini mwende kwa kuiona volkano.

Sasa la mkeo, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mashua haziingii hadi kwenye maji ya joto. Hutia nanga mdomoni mwa kighuba, abiria wakashuka au wakaruka kwenye kina kirefu, kisha wakaogelea makumi ya mita hadi ndani. Hapo mwanzo maji ni ya bahari ya kawaida, yaani baridi kuliko ya ndani, na baridi ya ghafla huweza kumkata pumzi hata mwogeleaji mzuri. Kurudi ni umbali uleule, mwili umeshachoka, na kwenye ngazi ya mashua kuna foleni. Kabla ya kulipa, ulizeni kama kuna jaketi okozi za kuogelea nazo, na msikubali jibu la "usijali". Zisipokuwepo, abaki juu. Toka mashuani ataona vizuri kabisa mahali bluu inapogeuka kijani, kisha kahawia.

Volkano yenyewe ililipuka mara ya mwisho mwaka 1950, kwenye kisiwa jirani cha Nea Kameni. Mwanzoni mwa 2025 kulikuwa na mfululizo wa matetemeko upande wa kaskazini-mashariki, maelfu ya watu wakaondoka Santorini kwa muda. Wataalamu wanaifuatilia kwa vipimo mfululizo, nanyi fuateni tangazo lolote la serikali. Mashua ikiahirishwa, msibishane na nahodha.

Vaeni nguo ya giza au kuukuu. Vueni vito vya fedha, maana gesi zenye salfa huvitia weusi. Vinasafishika, lakini kuna haja gani? Mkishapanda tu, suuzeni vazi kwa maji baridi kabla halijakauka. Na mwambie shemeji aache jiki: klorini haiondoi kutu, huikomaza. Akamue limau, anyunyize chumvi, aanike juani saa kadhaa, kisha asuuze. Kama doa limekaa, arudie. Ila kama tayari amelitia jiki, alisuuze kwanza kwa maji mengi hadi harufu iishe. Klorini ikikutana na tindikali ya limau hutoa gesi mbaya kwa mapafu.