Shira ya kaimati: weka huo mwiko chini

Dada, usikoroge! Una kaimati za khitma kesho kutwa, kilo 10 za sukari, na umeambiwa shira ikorogwe mfululizo mpaka iive. Ndivyo mwalimu wa darasa la mapishi alivyoniambia na mimi.

Yalikuwa maakuli ya harusi ya jirani, sahani 40. Saa 4 usiku shira inang'aa kama asali, nami nakoroga tu. Alfajiri nakuta mchanga. Kaimati zimevaa chenga nyeupe, ukitafuna zinakwaruza meno. Nikagonga duka la mtu saa 11 kutafuta sukari nyingine, na bado nusu ya pesa za watu nikarudisha.

Kisa ni hiki. Lita 1 ya maji ya kawaida huyeyusha kama kilo 2 za sukari. Yakichemka, zaidi ya kilo 4. Shira iliyopungua maji ikipoa huwa na sukari nyingi kuliko inavyoweza kuibeba, inangoja pa kuanzia kuganda tu. Punje moja ya ukingoni inatosha, na mwiko unaharakisha.

Kinga yake ndimu, na si kwa ajili ya harufu! Sukari yetu ni sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, zilizoshikana. Ukali wa ndimu pamoja na moto huziachanisha baadhi, nazo hujipenyeza kati ya zile nzima zisipate kujipanga. Sasa yule mwalimu akaniambia niikamulie mwishoni, nimeshaepua! Itafanya kazi gani hapo?

Kinachoniuma zaidi, alichotufundisha ni shira ya visheti. Visheti ndivyo hugeuzwageuzwa kusudi sukari igande nyeupe. Amekula ada zetu kwa somo lisilo lake, na nilipompigia akasingizia sukari mbovu. Sukari ilikuwa nzima kabisa!

Basi koroga kabla haijachemka, punje zote ziyeyuke. Tia ndimu hapo hapo, kijiko 1 cha chai kwa kila kilo. Ikianza kutokota, mwiko kando. Kingo za sufuria zipanguse kwa brashi iliyoloa maji.

Na ikiganda, usimwage. Ongeza maji na ndimu, irudishe motoni mpaka iyeyuke yote. Mimi nilimwaga masufuria 2 kwa kutojua hilo.